Apolo Kivebulaya: jembe mkononi, maombi moyoni



Katika mikutano ya maombi ya siku hizi swali moja linarudi mara nyingi. Mama anaamka kabla ya jua kutoka, anatafuta maji, anawaandaa watoto kwa ajili ya masomo, halafu anasimama mlangoni akijiuliza kama leo njia ya shamba ni salama. Baba ana kakao iliyoiva, lakini anajua kwamba tangu mwisho wa mwaka wa 2020 wengi wameuawa katika mashamba ya sekta ya Rwenzori. Jioni wote wamechoka, mwili na moyo. Je, mtu wa namna hii atalisha roho yake saa ngapi? Wengine wanafikiri kwamba maisha ya ndani ni mambo ya watu wenye nafasi: watawa, wachungaji, wazee wasio na kazi. Wengine wanasema watamtafuta Mungu vizuri amani ikirudi.

Kwa sababu ya swali hilo tumeona ni vema kusimulia maisha ya mtu aliyepita jirani na kwetu, upande wa kaskazini wa mlima huu huu, na ambaye hakuwa na nafasi wala amani tunayoingojea. Jina lake ni Apolo Kivebulaya, mwinjilisti na kasisi wa Mboga. Wengi wanalijua jina lake. Wachache wanajua aliishi siku zake namna gani.

Kijana aliyetafuta

Apolo alizaliwa karibu na mwaka wa 1864 katika inchi ya Buganda. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda akaitwa Waswa, jina la pacha wa kiume aliyetangulia kuzaliwa. Tangu utoto alipenda kujua siri ya mambo. Alikaa karibu na mganga wa kienyeji, akaona udanganyifu, akaondoka. Wakati vita vya dini vilipoichafua Buganda mwaka wa 1888, alikuwa kijana mwenye nguvu, akaingia upande wa jeshi la Waislamu, baadaye akahamia upande wa Wakristo. Alijua bunduki, alijua kutembea usiku, alijua maisha ya askari pamoja na mazoea yake mabaya.

Katikati ya machafuko hayo mafundisho ya Alexander Mackay, mmisionari aliyekuwa fundi wa chuma na mchapaji wa vitabu, yalimgusa. Mwaka wa 1891 alisafiri kama askari pamoja na Kapteni Lugard kuelekea magharibi, na kwa njia hiyo akaiona Rwenzori kwa mara ya kwanza. Jina Kivebulaya lilitokana na vazi: alipenda kuvaa koti la Ulaya juu ya kanzu yake, na watu wakamwita kitu kilichotoka Ulaya. Jina la utani likabaki mpaka kaburini.

Mwaka wa 1895 alibatizwa, akachagua jina la Apolo, kwa kumfuata yule Apolo wa Matendo ya Mitume aliyekuwa hodari katika Maandiko. Alikuwa amechumbia, lakini mchumba wake alikufa kabla ya ndoa. Apolo hakuoa tena. Huzuni ile hakuifanya kuwa sababu ya kujifungia. Miaka iliyofuata nyumba yake ilijaa watoto na vijana waliokosa mtu wa kuwalea.

Tukumbuke jambo moja juu ya Wakristo wa wakati ule. Watu waliwaita wasomaji. Mtu aliyetaka kubatizwa alipaswa kwanza kujifunza kusoma Injili kwa macho yake mwenyewe. Kwa hiyo imani ilianza na kazi ndogo ya kila siku: kukaa chini ya mti au ukumbini, kufuata herufi kwa kidole, kurudia neno mpaka liingie. Apolo aliingia katika imani kwa mlango huo, na hakuuacha maisha yake yote. Popote alipofika alianza kwa kufundisha kusoma.

Kuvuka kwenda Mboga

Mwaka wa 1895 alitumwa Toro kama mwalimu, na mwisho wa mwaka wa 1896 akavuka kwenda Mboga, ambayo leo tunaiita Boga, katika teritwari ya Irumu, jimbo la Ituri. Alizunguka vilima vya kaskazini vya Rwenzori, akashuka bonde la Semliki, akauvuka mto ule tunaoujua sisi sote, akapanda upande wa pili.

Hakuwa wa kwanza kwenda. Walimu wawili walikuwa wamemtangulia, lakini mwami wa mahali, Tabaro, alikataza watu wasiwauzie chakula. Njaa ikawarudisha. Apolo alilijua jambo hilo kabla ya kuondoka, akaenda akiwa tayari kulima. Jembe lake lilikuwa sehemu ya utume wake. Alilima, alipanda, alikata miti na matete ya kujengea, na kati ya kazi hizo alifundisha. Hakutenga saa za Mungu upande mmoja na saa za shamba upande mwingine. Watu wa Mboga walimwona mtu yule yule akiomba alfajiri na akichimba mchana, na polepole wakaanza kuuliza nguvu hiyo inatoka wapi.

Hapa ndipo majaribu yalipoanza. Tabaro aliona kwamba mafundisho haya yanagusa pombe, wake wengi na nguvu za waganga, mambo yaliyoshikilia utawala wake. Apolo alipigwa. Nyumba yake ilichomwa. Wanaosimulia maisha yake wanasema kwamba mara moja alipigwa mpaka akaachwa katika majani marefu kama mtu aliyekufa, na mwanamke mmoja akamchukua kwa siri, akamtunza mpaka akapona. Alipopata nguvu ya kusimama, alirudi mahali pake, akaipiga ngoma ya maombi ya asubuhi kama siku zote. Mwami alishangaa kusikia ngoma ya mtu aliyedhani amekwisha kufa.

Tutulie kidogo kwenye ngoma hiyo. Apolo hakutunga hotuba ya kumjibu Tabaro. Hakukusanya vijana wa kulipa kisasi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa askari wa zamani na alijua namna ya kufanya. Alirudia tendo lile lile alilolifanya kila asubuhi kabla ya kupigwa. Mazoea madogo aliyoyajenga katika siku za kawaida ndiyo yaliyompokea katika siku mbaya. Kama angengoja siku ya mateso ndipo ajifunze kuomba, nadhani sote tunakubali kwamba ngoma ile isingelia.

Gereza na mwanga

Jaribu kubwa zaidi lilikuja wakati wa ujenzi. Dada ya mwami aliangukia mkuki wa Apolo uliokuwa kati ya matete ya kujengea, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo alishitakiwa kwamba ameua. Alifungwa, akapelekwa Toro, ng'ambo ya mlima, akakaa kifungoni na minyororo.

Hebu tufikiri hali yake. Mtu aliyeacha kwao kwa ajili ya Injili anaitwa mwuaji. Kanisa dogo alilolianza limebaki bila mwalimu. Mwanamke amekufa kweli, na mkuki ulikuwa wake. Hakuna aliyeweza kumwambia kesi itaishaje.

Katika miaka hiyo ya dhiki Apolo alipata maono ambayo aliyasimulia baadaye maisha yake yote. Alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yuko pamoja naye, na kwamba aendelee kuhubiri bila hofu. Apolo mwenyewe alishuhudia kwamba kuanzia hapo watu walilipokea neno lake kwa namna nyingine. Mwishowe aliachiliwa, akarudi Mboga. Na Tabaro, yule aliyemnyima chakula na kuamuru apigwe, akaamini, akabatizwa, akaitwa Paulo.

Sisi tunaopenda kusikia maono tunaweza kusimama hapo na kusahau yaliyobaki. Lakini angalieni alifanya nini baada ya maono. Alirudi kwenye jembe, kwenye kufundisha herufi, kwenye kutembelea wagonjwa. Maono hayakumtoa katika maisha ya kila siku. Yalimrudisha humo na moyo mpya.

Kasisi anayetembea kwa miguu

Mwaka wa 1900 Apolo aliwekwa kuwa shemasi, na mwaka wa 1903 kuwa kasisi. Alitumika miaka mingi Toro, akitembea kwa miguu na baadaye pia kwa baiskeli, kutoka kanisa hadi kanisa. Wakati huo wakoloni walipanga mipaka upya, na baada ya mapatano ya mwaka wa 1910 Mboga ikahesabiwa kuwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wakristo wa Mboga walijikuta wametengwa na walimu wao na mstari uliochorwa na watu wasiowajua. Sisi tunaokaa karibu na Kasindi tunaelewa vizuri mstari wa namna hiyo unavyoweza kukata jamaa, soko na kanisa.

Apolo angeweza kubaki Toro, mahali alipoheshimiwa. Lakini wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alirudi Mboga, akiwa mtu wa miaka zaidi ya hamsini, akaanza tena kazi ya kuimarisha kundi. Mwaka wa 1922 akafanywa kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, cheo kikubwa kwa Mwafrika wa wakati ule. Cheo kile hakikubadilisha nyumba yake wala chakula chake. Alichopata aligawa kwa walimu na kwa watoto aliowalea.

Kulikuwa na maono mengine, karibu na mwaka wa 1921, yaliyomwelekeza kwenye msitu. Huko waliishi Wambuti, ambao majirani wengi waliwadharau na kuwatumia kama watumwa. Apolo alikwenda kwao. Aliingia msituni polepole, akakaa nao, akajifunza maneno yao, akawafundisha kusoma kama alivyowafundisha wengine, na akatayarisha Injili ya Marko katika lugha yao. Kwake, mtu wa msituni alistahili kufuata herufi za Injili kwa kidole chake mwenyewe sawa na mtoto wa mwami.

Na katika safari zote hizo alikuwa na desturi moja ambayo watu wachache wanaijua: aliandika. Kwa miaka mingi aliweka daftari za kumbukumbu kwa Kiganda, na sehemu ya maandishi hayo imehifadhiwa mpaka leo. Mtu aliyechoka kwa kutembea alikaa mbele ya ukurasa akakumbuka siku yake mbele za Mungu. Hiyo ni njia ya zamani ya kulisha moyo, na haiombi fedha nyingi: daftari ya mwanafunzi na kalamu vinatosha.

Kichwa kuelekea magharibi

Apolo alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa alitoa agizo lililowashangaza watu. Kwa desturi maiti ililazwa na kichwa upande wa mashariki, kuelekea alikotoka. Yeye aliomba alazwe na kichwa kuelekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa huko kulikuwa bado na watu ambao Habari Njema haijawafikia. Wakamzika hivyo.

Wale waliobaki walielewa. Kutoka Mboga wainjilisti waliendelea kutoka, wengi wao wakulima wa kawaida. Mwaka wa 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka wa 1992 Kanisa la Anglikana katika inchi yetu likawa jimbo kamili, na katika mwaka huo huo dayosisi ya Kivu ya Kaskazini ilianzishwa, makao yake Butembo. Sisi wa jamii mbalimbali za Kiprotestanti, Wabaptisti, Wapentekoste, Waanglikana na wengine, tunaweza kumshukuru Mungu pamoja kwa ajili ya mtu huyu, kwa kuwa mzizi wake umeleta kivuli kwetu sote.

Hatuwezi kumaliza habari ya Boga bila kusema machungu yake. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, siku ile ile baada ya ukumbusho wa Apolo, washambuliaji waliingia Boga na Tchabi wakaua watu zaidi ya 50. Mji wa Apolo ulikimbiwa. Na sisi upande huu hatukusalimika: tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka Kasindi kati ya waamini waliokusanyika kwa ubatizo. Kwa hiyo tunapomtaja Apolo hatusemi kwamba mtu wa maombi hatapatwa na mabaya. Yeye mwenyewe alipatwa. Wala hatusemi kwamba kulisha roho kunachukua nafasi ya kudai usalama, kutunza wakimbizi na kutafuta haki. Wenye mamlaka wana deni kwetu, na tutaendelea kulidai.

Tunasema jambo moja tu. Adui anaweza kutufungia njia ya shamba, anaweza kuchoma nyumba, lakini akifika mpaka kwenye moyo akaukuta mtupu, basi atatuharibu mara mbili. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliwaombea Waefeso katika sura ya tatu ya barua yake wapate nguvu katika utu wao wa ndani. Apolo aliishi maombi hayo kwa jembe, ngoma, kitabu na daftari.

Ninyi wa Mutwanga mna mfano wake mbele ya macho. Maji yanayoshuka kutoka Rwenzori yamepita hapo vizazi na vizazi. Leo maji hayo hayo yanaongozwa katika mfereji na bomba, yanazungusha mashine, na taa zinawaka nyumbani. Hakuna aliyeongeza mto. Waliuelekeza tu, na wanausafisha mfereji kila mara ili takataka zisiuzibe. Siku zetu nazo zinapita namna hiyo, na ndani yake neema ya Mungu inapita. Inabaki kuielekeza.

Tuanzie wapi?

Tunapendekeza mambo machache kwa kila nyumba, kwa kuyachukua katika maisha ya Apolo.

Kwanza, tuwe na ngoma yetu ya asubuhi. Hata dakika tano kabla ya kuchota maji au kuwasha moto, nyumba nzima isimame, isome mistari michache, iombe. Saa iwe ile ile, hata kama tumelala kwa jamaa au katika darasa la shule.

Pili, tuombe tukiwa kazini. Anayepalilia maharagi, anayekausha kakao, anayeendesha pikipiki, anayetwanga sombe, kila mmoja achague jina la mtu mmoja na kumwombea wakati mikono inafanya kazi.

Tatu, tufundishane kusoma. Katika makanisa yetu wako mama na vijana ambao vita vimewakatia masomo. Anayejua kusoma amchukue mmoja. Injili ya Marko ni fupi na yafaa kuanzia.

Nne, tuandike, au tusimuliane. Jioni kila mtu ataje jambo moja alilomshukuru Mungu leo na jambo moja lililomwumiza. Wanaoomboleza waruhusiwe kulia mbele za Mungu bila kuharakishwa.

Tano, tusimdharau mtu. Apolo aliwaendea Wambuti. Katika kila kijiji yuko ambaye wengine hawamsalimii: mkimbizi mgeni, mjane anayeitwa mchawi, kijana aliyetoka porini. Tumtembelee mmoja juma hili.

Kwa vikundi vya nyumbani, tunaacha maswali mawili ya kuzungumza. Ni mazoea gani ya maombi tuliyokuwa nayo kabla ya machafuko, na yapi tunaweza kuyarudisha sasa? Na katika kazi zetu za kila siku, ni ipi ambayo hatujawahi kuiona kuwa mahali pa kukutana na Mungu?

Tuombe: Ee Bwana, uliyemtia moyo mtumishi wako Apolo katika kifungo, watie moyo watu wako wa Mutwanga, Beni, Butembo na Boga. Linda njia za mashamba. Wafariji waliofiwa. Imarisha utu wetu wa ndani, ili kazi ya mikono yetu na maombi ya mioyo yetu viwe kitu kimoja mbele zako. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.